Gari la shemeji yako na gia yake moja ya mbele

Mwenzangu, acha unachofanya usome hapa.

Shemeji yako kawasha gari! Lile lile lililokuja vipande vipande kwenye makasha, akawa analiunga uani tangu mwaka jana, mimi naanika nguo sebuleni.

Majirani wamejaa. Mama mkwe kaketi mbele, mkoba mapajani. Mwanawe kavaa miwani ya jua, kaingiza namba moja, kakanyaga mafuta. Gari likarudi nyuma.

Nyuma, mwenzangu!

Kaingiza namba mbili. Likarudi kwa kasi zaidi, likagonga ukuta wa jiko, masufuria yote chini.

Mama mkwe, hata hakugeuka: "Umesahau kitu ndani, mwanangu?"

Bwana mkubwa katambaa uvunguni, katoka na grisi puani. "Difu, ile inayozungusha magurudumu, nimeifunga juu chini," anasema, kama anasoma taarifa ya habari. "Gia zote za mbele zinarudisha nyuma."

Nikamwambia afungue, afunge upya.

"Nifumue gari zima? Si rivasi itatupeleka mbele?"

Na ikatupeleka kweli! Tumetoka getini mwendo wa kinyonga, gari linalia kama mashine ya kusaga, watu wanapiga makofi.

Ndiyo, nimesema tumetoka. Mimi niliyeapa sitakanyaga ndani ya lile dude, nakuandikia kutoka kiti cha nyuma.

Sasa hivi mama mkwe kauliza tutarudije nyumbani.

"Kwa kurudi usihofu, mama," anamjibu. "Tuna gia nne."