Mama Bado Yuko Zamu

Mdogo wangu,

Dawa za mama za saa sita mchana ziko kwenye sinia, na glasi mbili za maji. Mbili, si moja. Kile kibao alichokuzaba asubuhi ulikitafuta mwenyewe. Mtu aliyekuwa muuguzi miaka thelathini humshiki taya ukamtia kidonge kwa nguvu, hata kama amesahau jina lako.

Sinia alibebe yeye. Wewe kaa kitandani kama mgonjwa, umwambie, "Sista, naogopa, anza wewe." Atakucheka, atameza, halafu atakupa maji. Kunywa yote, maana anakagua.

Mlango wa uani ufunge na... hapana, futa hapo. Usiufunge. Atembee, wewe fuata nyuma.

Na habari ya kumpeleka kwenye makao ya wazee ife leo. Nimewahudumia wazazi wa watu wodini miaka tisa, huyu wangu hatanishinda. Unaniambia eti "mama hayupo tena, kabaki mwili." Sikiliza basi. Wakati natoka alinisimamisha mlangoni, akanikabidhi zamu kama wauguzi tunavyokabidhiana: "Kitanda cha kwanza, yule kijana mbishi. Nimempiga, lakini analia kichinichini. Msimwache peke yake."

Nikageuka nikakuona umeegemea ukuta, mabega yanatetemeka. Mimi dada yako nilikuwa nimepita hapo mara mbili sijaona kitu.

Haya, niambie tena nani hayupo.

Narudi saa nane kupokea zamu.

Dada yako