Hayawahusu Hataki Kushikwa

Jumapili, mwezi wa nne. Lindi mjini.

Mvua tena. Hapa kwenye duka la intaneti paa linavuja, maji yanadondokea kwenye ndoo karibu na miguu yangu, na mwenye duka ananitazama kila ninapopiga miayo. Nimekuja mjini kumtafutia mume wangu, Baba Zuhura, dawa ya goti. Dawa nimeshapata, gari la kurudi bado, basi nimekaa niandike.

Nimechoka, jamani. Nimechoka hadi kope.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kijiji chetu kiko mbele ya Kitomanga, nina mume, nina mama mkwe, nina shamba la mahindi ng'ambo ya mto, na nina mbwa. Hilo la mwisho ndilo linalowasumbua watu. Nyumba ya Kiislamu, mwalimu mzima, mbwa wa nini? Sheikh wetu tulimwuliza mapema, akasema mbwa wa kulinda shamba hana ubaya, mradi mtunze twahara yenu. Watu hawakutosheka na jibu la sheikh. Ndipo mume wangu akampa mbwa jina la Hayawahusu. Sasa nikisimama ukingoni mwa mto nikimwita kwa sauti, kijiji kizima kinapata ujumbe wake.

Mbwa tunamhitaji. Zamani, tulipokuwa tumekusanywa pamoja kwenye kijiji cha ujamaa, alikuwa anakuja bwana nyama na bunduki ya serikali, nguruwe mwitu wawili watatu wanaanguka, wengine wanatia akili. Ilipokuja ruksa watu wakarudi kwenye mashamba ya wazee wao, mbali mbali, kila mtu na pori lake. Bwana nyama haji tena. Tunaambiwa tujilinde wenyewe. Siku hizi za soko huria hata nguruwe ana uhuru wake, anachagua shamba la kula.

Baba Zuhura alikuwa analala kwenye dungu la kulindia shamba, anapiga debe na kupiga kelele. Tangu goti livimbe hawezi kupanda dungu wala kukimbiza kitu. Kwa hiyo ni mimi na huyu mbwa. Tukimkosa yeye, mahindi tumekosa, na mwaka huu korosho haikutupa chochote cha kutegemea.

Hayawahusu alitoka Milola akiwa mdogo, ndani ya kikapu. Aliniletea mwalimu mwenzangu, Anjelina, Mmakonde wa huko juu, kwao wanafuga mbwa tangu babu na bibi. Akaniambia samaki mkunje angali mbichi, anza naye leo leo. Nikaanza.

Shamba letu lina mambo yake. Kufika kwake ni kuvuka gogo la mnazi juu ya mto. Limezungushiwa uzio wa miti na miiba, na mbwa asiyejua kuruka atabaki nje anabweka huku nguruwe ndani wanamaliza safu nzima. Kuna na tundu moja chini ya uzio, dogo, la kupita mbwa tu. Kwa hiyo nilitaka mbwa wa kuvuka gogo bila kuteleza, wa kuruka pale uzio uliposhuka, wa kupita tunduni kwa tumbo, na wa kusimama nikisema simama.

Nilimfundishia uani baada ya vipindi. Gogo nilililaza chini kabisa kwanza, kama mtoto anavyofundishwa kutembea. Ufito niliuweka juu ya matofali mawili, akizoea naongeza tofali. Tundu nililitengeneza kwa tenga bovu lililotoka kitako. Mwanzo aliona tenga ni mdomo wa chatu, akalikimbia mpaka kwa jirani. Nilicheka siku hiyo mpaka nikakaa chini.

Hapo kwenye kufundisha ndipo nilipokosea.

Mbwa akiwa mkavu na wewe mkavu, ukimgusa hakuna neno. Akiwa amelowa, au akikulamba, ni kuosha mara saba, moja kwa udongo, na nguo hivyo hivyo. Sasa mtoto wa mbwa hana saa ambayo pua yake haina majimaji. Na nguo yangu ya kusalia ni moja. Mama mkwe wangu, Bi Somoe, aliyechora mstari uani kwa jembe mbwa asiuvuke, alikuwa ananikagua mikono kabla sijagusa sufuria. Basi nikatafuta fimbo ndefu. Kwenye ncha nachomeka dagaa wa Kiswere. Ncha ikielekea kwenye gogo, mbwa anaifuata juu ya gogo. Ncha ikipita ng'ambo ya ufito, mbwa anaruka. Akipatia, anakula dagaa pale pale kwenye ncha. Alishika upesi, wallahi, kuliko darasa langu la tatu.

Anjelina alikuwa anapita, anasimama, anatikisa kichwa. "Mwenzangu, mbwa humwokoti kama kaa la moto. Mshike masikio, mshike miguu, azoee mikono yako."

Nikamjibu, akikauka.

Masika imeingia, nani akauke? Nikawa nasema mvua ikikatika, jua likitoka, nitamshika. Nikasema hivyo kila siku. Mbwa akakua, miguu mirefu, anaruka uzio kama hauoni, na hakuna mkono wa mtu uliomgusa tangu atoke kikapuni.

Juma lililopita mtoto wa kijiji cha jirani aling'atwa na mbwa mwenye kichaa. Likatoka tangazo: Jumamosi bwana mifugo anachanja mbwa wote kwenye uwanja wa shule. Kila mtu ashike mbwa wake kwa mikono yake. Aliyechanjwa anafungwa utepe mwekundu shingoni. Kuanzia Jumatatu, mbwa asiye na utepe anapigwa risasi, wa shamba au wa mtaani.

Siwalaumu. Yule mtoto nimewahi kumwona sokoni, mgongoni kwa mama yake.

Jana asubuhi nikaenda na fimbo yangu. Hayawahusu alinifuata kijiji kizima, ncha mbele, pua nyuma yake, hana kamba. Watu wakatoka milangoni kutazama. Kuna mmoja akasema mwalimu kafungua sarakasi. Uwanjani kulikuwa na benchi, nikamrukisha juu ya benchi, nisiseme uongo, nilifanya makusudi. Nilijisikia raha. Wenzangu wote mbwa wao wanaburutwa na kamba, wanalia, mimi wangu ameketi kimya kama mwanafunzi wa mbele.

Bwana mifugo akaja na sindano. "Haya mwalimu, mshike."

Nikanyoosha mkono. Hayawahusu akarudi nyuma, urefu wa fimbo, akakaa. Nikasogea, naye akasogea nyuma vile vile. Hakunguruma wala hakuonyesha meno. Alikuwa anakaa mahali nilipomfundisha kukaa. Watu wakaanza kucheka, mimi jasho linanitoka ndani ya mvua. Mgambo akaleta kamba amtie kitanzi. Mbwa alipoiona kamba, aliruka ua wa shule pale ulipoinama, miguu yote minne pamoja, vizuri kabisa, hata jani halikuanguka.

Loo! Kazi ya mikono yangu hiyo.

Bwana mifugo hakucheka. Alisema anafunga masanduku yake alasiri, ana vijiji vingine, na nisimrudie na fimbo. Nikaondoka uwanjani nikiwa sitazamani na mtu. Mgongoni nasikia, "Hayawahusu! Hayawahusu!" wanamwita kwa kejeli, na wenyewe wanajijibu kwa kicheko.

Nilijua atakuwa shambani. Nikavuka gogo, nikamkuta chini ya dungu, mkia unatikisika, anafurahi kuniona. Nikamwita. Akaja mpaka urefu wa fimbo, akakaa. Nikarudi nyuma, nikaja mbele, nikambembeleza, nikamtukana, Mungu anisamehe. Nikamkimbilia, akaruka uzio akaingia kwenye mahindi, nikaingia, akatoka tunduni. Mimi siwezi kupita tunduni. Nilianguka kwenye matope, kanga imenivuka, na hasira ikanijaa nikapiga kelele kwamba afe basi, wamuue, nilale usingizi wangu.

Akaja akakaa urefu wa fimbo, masikio yameanguka.

Nililia. Sikulia kwa ajili ya mahindi, ingawa mahindi nayo. Nililia kwa sababu kosa halikuwa lake hata kidogo, na atakayepigwa risasi ni yeye. Anafanya kila nililomwambia. Nilimwambia kaa mbali, amekaa mbali.

Sijui nilikaa pale muda gani. Mvua inanipiga mgongoni, nimechoka hata kuinuka siwezi. Fimbo ilikuwa mkononi. Nikaitazama, nikaona ujinga wangu wote ulipo. Huyu mbwa hanifuati mimi, anafuata ncha. Basi ncha iende wapi?

Nikachukua dagaa waliobaki pembeni mwa kanga, wamelowa, wananuka. Nikachomeka mmoja. Nikaigeuza fimbo, nikailaza mapajani, ncha ikanigusa kifua. 

Alinitazama sana. Akasimama, akakaa tena. Akazunguka upande wa pili, akanusa hewa. Kisha akaja kwa tumbo, kama anavyopita tunduni, polepole, mpaka pua yake ikagusa dagaa kifuani mwangu. Akala. Nikachomeka mwingine, mkono wangu ukiwa pale pale kwenye ncha. Akala, akanilamba vidole. Ulimi wa moto. Sikuondoa mkono.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamkumbatia. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio, mbavu nyembamba, maji yanamtiririka mpaka ndani ya nguo zangu. Alijikaza, nikasema bismillahi, nikasubiri aning'ate. Hakuning'ata. Aliweka kidevu chake begani kwangu akatulia, na mimi nikalia upya, safari hii bila hasira.

Gogo limelowa na mikono yangu imejaa, kwa hiyo nilivuka ndani ya mto, maji ya magoti. Nilipita kijiji chote nimembeba kama mtoto mchanga, matope mpaka utosini, mwalimu wa watu. Wale waliocheka asubuhi walinipisha njia. Bwana mifugo alikuwa tayari anafunga sanduku. Alichoma sindano, mbwa akashtuka mara moja tu mikononi mwangu, akafungwa utepe. "Kumbe mpole," akasema bwana mifugo. 

Nilipofika nyumbani nilimweka Hayawahusu chini ya ukingo wa paa la banda, ng'ambo ya mstari wa Bi Somoe kama kawaida, nikaenda nyuma ya nyumba kuvua zile nguo. Sala ya alasiri ilikuwa inanipita. Nilijua naingia kwenye maneno. Bi Somoe si mtu wa kupitwa na jambo, na habari za mwalimu aliyebeba mbwa kifuani zilikuwa zimenitangulia.

Nikatoka nimejifunga kanga kuukuu, mikono nimeitenga na mwili. Bi Somoe alikuwa amesimama uani na ndoo ya maji, na kata, na udongo ndani ya kifuu cha nazi. Kanga yake imelowa mbele.

Akatua ndoo mbele yangu.

"Mama, nimechoka," nikasema. Sikukusudia kusema, lilinitoka tu.

"Choka, mwanangu. Lakini nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Akanipaka udongo mpaka kwenye viwiko, taratibu, kama aliyekuwa akinipaka hina siku ya harusi, akanimwagia. Akawa anahesabu mwenyewe kwa sauti ndogo mpaka saba. Mimi nimefumba macho, naona nikifumbua nitaanguka.

Nilipofumbua, niliona banda. Hayawahusu alikuwa amelala juu ya gunia kavu, amefutwa, manyoya yamesimama kila upande. Nilimwacha pale amelowa na anatetemeka, na gunia hilo sikuliweka mimi. Mume wangu alikuwa kitandani na goti lake. Nikamtazama Bi Somoe, akatazama pembeni.

Kisha akanipa kata, akasogeza kile kifuu cha udongo karibu na miguu yangu, akanyoosha mikono yake ya kizee mbele yangu.

"Haya," akasema, "nimwagie na mimi."