Banda la Ngerengere

Kivuko cha Ruvu, 11 Aprili 1904

Shikamoo Baba,
Asifiwe Yesu Kristo. Mimi na Felista tu wazima, wasiwasi wetu ni macho yako. Je, mlango bado unauona? Mto umefurika, tutangoja hapa siku kama kumi. Tunalala nje chini ya shuka langu, moto mbele yetu. Banda la wasafiri ni pesa mbili kwa mtu, na ukutani kumejaa papasi, wale wadudu wanaonyonya damu watu wakilala. Felista anasema heri mvua. Anasema pia umngoje, macho yako yasizime kabla hajafika. Miaka sita aliyokaa Bagamoyo ni mingi.
Mwanao, Severini

Matombo, 17 Aprili

Mwanangu Severini,
Marahaba. Mimi mzima, ila macho ndiyo hayo: mlango nauona, anayesimama mlangoni simtambui. Mwalimu Petro ananiandikia. Sasa sikiliza, we! Dada yako si mbuzi wa kulazwa nje. Simba wa Ngerengere wewe unawasikia tu, mimi nimewaona wakimburuta mtu. Miaka ishirini nimebeba mizigo njia hiyo, nimelala mabanda yote, papasi wameniuma mpaka nikaacha kujikuna, na sijaumwa hata kichwa. Stefano, mbeba barua hii, anakuletea pesa. Mlale ndani. Nataka nimwone mwanangu angali mzima, nami ningali naona.
Baba yako, Leonard

Ngerengere, 29 Aprili

Shikamoo Baba,
Asifiwe Yesu Kristo. Tumevuka, na tangu barua yako tunalala ndani. Felista alinuna, lakini wewe ndiye baba. Hapa alishikwa na homa siku tatu, akaweweseka, nikaogopa kweli. Jana imemwacha. Leo amekula ugali wote, kisha akanitania kwamba nakoroma kuliko wapagazi. Mzee Rehani, mwenye banda, anasema apumzike kwanza.
Mwanao, Severini

Matombo, 3 Mei

Wanangu,
Petro aliponisomea nilipiga vigelegele kama mwanamke, majirani wakaja mbio. Unaona sasa, Severini? Homa ile ingemkuta mvuani, ungekuwa umeshamzika. Msitoke bandani mpaka miguu yake ipate nguvu. Ndizi zake nimezivundika. Mlango sasa ni weupe tu, basi msichelewe sana, lakini msiharakishe. Mnanielewa.
Baba yenu, Leonard

Ngerengere, 9 Mei

Baba,
Sijui nianzeje. Homa ilirudi tarehe tano. Tarehe saba alfajiri Felista akafariki. Mzee Rehani amenisaidia kumzika, mimi nikasali peke yangu. Siku yake ya mwisho aliniomba nimtoe nje, alale chini ya shuka kama kule Ruvu. Nikamkatalia, maana ulikuwa umeagiza. Baba, alilia.
Kitambaa chake cha kichwa ninacho, nitakuletea. Tangu jana kichwa kinanigonga, mwili unatetemeka. Nitajilaza humu bandani siku mbili, kisha nianze safari.
Severini

Matombo, 12 Mei

Mwanangu,
Leo sina salamu. Msibani amekuja Kibwana, aliyekuwa mkuu wetu wa msafara, akanifokea mbele ya watu. "Leonard, wewe umezaliwa Mikese, papasi walikuuma ungali unatambaa, homa yao ukaizoea. Watoto wako wamezaliwa juu huku kwenye baridi, hawajawahi kuumwa na papasi hata mmoja. Umesahau tulivyokuwa tunawafunga papasi wa kwetu Mikese kwenye pindo la nguo, watuume njiani, mwili usije ukaisahau homa?"
Ni kweli. Niliwafunga kwa mikono yangu hii, safari baada ya safari, na sikukumbuka. Nimemuua mwanangu kwa kumlaza ndani.
Toka humo bandani sasa hivi, Severini. Kama huwezi kutembea, Rehani akubebe. Lala nje, mvua inyeshe, simba angurume, we lala nje tu. Mlango siuoni tena na sijali. Nitakushika uso kwa mikono, nitakujua.
Unisamehe. Stefano nimemwambia asirudi bila jibu lako, mpe hata neno moja.
Baba yako

Ngerengere, 17 Mei

Mzee Leonard,
Shikamoo. Mimi Rehani. Barua yako ya mwisho imefika leo adhuhuri, haijafunguliwa. Stefano anakuletea hiyo barua, shuka moja na kitambaa cha kichwa.