Mpaka wa Shamba la Mama Salima

Mujukuu wangu Neema,

Tunakusalimu toka Kabambare. Bibi yako amepona. Umeniuliza kama kumuogopa Mungu ni kuogopa fimbo yake.

Nikiwa kijana, nilisogeza vijiti vya mpaka ndani ya shamba la Mama Salima, mujane jirani yetu. Hakuna mutu aliyeniona. Nikiwa nafukia kijiti cha mwisho, nikamusikia nyuma ya mihogo akiomba: “Mungu, umubariki Yosefu, jirani yangu mwema.”

Jembe likaniponyoka. Yeye hakujua kama niko pale. Mungu alijua, naye alikuwa karibu kuliko pumzi yangu. Woga ukanishika. Nikarudisha vijiti vyote, kisha nikaenda kumuambia ukweli.

“Basi,” akasema, “Mungu ameisha kukubariki.”

Woga ule ninao mpaka leo, na sitaki uniache.

Babu yako, Yosefu