Glavu Zilizovuliwa Mapema

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda. Nimeliandika neno hilo nione linakaaje. Halikai.

Jicho la kushoto limefumba kabisa, mbavu zinauma hata nikicheka — si kwamba nimecheka. Mkanda wa ubingwa uko juu ya kabati, karibu na pasi. Mke wangu ameufunika kitambaa usishike vumbi.

Niandike kabla sijaanza kujidanganya. Mpole, mpinzani wangu, alinipiga jana ulingoni. Alinipiga raundi ya pili, ya tatu, ya tano, na nyingine sizikumbuki kwa sababu nilikuwa bize kupigwa. Ni mashoto, na ule mkono wake hujui unatokea wapi mpaka umeshafika. Kabla ya raundi ya mwisho Kocha aliniinamia sikioni: mwanangu, tumeshapoteza hii, labda umwangushe. Sikumwangusha. Nilimkumbatia mpaka kengele ikalia.

Nikarudi kwenye kona, Kocha akachukua mkasi akakata kamba za glavu. Hapo ndipo penye balaa. Kocha ana kawaida yake. Ukishinda, glavu anakuachia mpaka picha zipigwe. Ukishindwa anakuvua palepale, majaji hata hawajamaliza kujumlisha, eti ukaipumzishe mikono. Sijawahi kuona amekosea. Kila aliyepita kwenye jimu yetu anaijua kawaida hiyo. Na Mpole amepita pale, tena tulianza pamoja, tukigombania jozi moja ya glavu.

Refa akatushika mikono. Mtangazaji akasoma. Ulionyanyuliwa ni wangu, bandeji tupu hewani. Ukumbi mzima ukazomea. Nilimtafuta Kocha kwa macho. Alikuwa ameshika glavu zangu kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiye wake.

Jumatatu, 10 Machi

Kazini. Mwenye gereji amebandika picha yangu ya gazetini mlangoni, juu ya kalenda. Mkono juu, bandeji, jicho bovu, Mpole pembeni na glavu zake. Chini wameandika BINGWA.

Wale mafundi umeme wanaocheza drafti kivulini: mmoja kafungwa, akasema hakubali, aitiwe majaji. Wakacheka mpaka wakakohoa. Kisha wakaniona. Mwingine akasema karibu, bingwa, akanisogezea kiti. Heshima ya kiti hicho sikuitaka.

Nikarudi kwenye kazi yangu ya rangi. Nilipiga msasa mlango wa gari ya watu mpaka bati likatoka.

Alhamisi, 13 Machi

Promota kaja mwenyewe gereji, viatu vyake vyeupe kwenye oili yetu. Habari njema, anasema. Nitapigana na Kreni.

Kreni! Bingwa wa ng'ambo ya mpaka. Anaitwa hivyo kwa sababu akikupata na ngumi ya chini anakunyanyua. Naye ni mashoto. Mtu wa mwisho aliyepigana naye sasa anashikwa mkono kuvuka barabara.

Nikamwambia sijafikia kiwango hicho. Akanipiga begani, lile bovu. Rekodi yako inasema umefikia, anasema, na rekodi ndiyo inayouzika. Nikauliza, na nikijitoa? Akacheka. Mkataba unasema mshindi wa Machi anakwenda kwa Kreni. Nilisaini mwenyewe. Nilisaini bila wasiwasi maana nilijua mshindi ni Mpole! Nikivunja, leseni inakwenda na hasara yote juu yangu.

Baadaye, nikiwa nachanganya rangi, ndipo akili ikafunguka. Kreni naye ni mtu wa huyuhuyu Promota. Mpole angeweza kumharibia rekodi. Mimi siwezi kumharibia mtu yeyote. Kumbe majaji hawakunipendelea. Walinichagua.

Jumatano, 19 Machi

Mashoto hapatikani wa kufanyia mazoezi. Kocha amezunguka jimu zote. Mwishowe kameza aibu na kumpigia Mpole simu. Na Mpole kaja!

Sparing, ngumi za mazoezi, haina majaji. Raundi nne, kanipiga zote nne, kwa upole uleule, anarudia kosa langu mpaka nilione. Mkono wako wa kulia unashuka, anasema. Kocha alikuwa anatazama saa ya ukutani muda wote. Hawajaangaliana usoni.

Tulipomaliza, Mpole akaanza kunifungua bandeji kama zamani. Anasema tangu siku ile hapati pambano. Nani atamchukua mtu aliyefungwa na mimi? Alisema hivyo bila matusi, ni hesabu tu, nikacheka, mbavu zikanikumbusha. Halafu akaniambia amekata rufaa kwenye kamati ya ngumi, na kamati itaniita. Mkanda ataujua baadaye. Anachotaka lile pambano lifutwe kwenye rekodi yake. Likifutwa, na mkataba wangu na Kreni unakufa.

Nikauliza, unanifanyia mimi au unajifanyia wewe? Akasema vyote viwili, ndugu yangu, kwani kuna ubaya?

Usingizi wa leo utakuwa mtamu. Kuna mlango wa kutokea.

Jumanne, 25 Machi

Mlango umefungwa.

Kocha kaja nyumbani jioni. Hajawahi kuja bila kutuma salamu kwanza. Mke wangu kamwekea chai, akakaa anakizungusha kikombe. Ametoa maelezo kwa kamati kwa maandishi, na sahihi yake: tulishinda wazi, hakuwa na shaka hata chembe.

Akasema lile jengo la jimu ni la Promota, si unajua. Nilikuwa sijui. Akasema, umri huu, mwanangu, nikafundishie wapi? Barabarani?

Huyu ndiye aliyesimama upande wa baba siku ya harusi yangu, baba yangu akiwa hayupo tena. Huyu ndiye aliyenitoa kwenye kupigana mitaani. Nilitaka aniombe nimfichie. Angeniomba ningekasirika, ningepumua. Hakuomba kitu. Chai hakuimaliza. Mlangoni akaniambia mkono wangu wa kulia bado unashuka.

Nikisema kweli mbele ya kamati, Kocha ni mwongo mwenye sahihi. Leseni yake, jimu, vijana wote wa pale. Nikinyamaza, nakwenda kwa Kreni.

Ijumaa, 28 Machi

Shangazi alikuja. Kauvaa mkanda juu ya gauni, kapiga picha pembe zote, kawatumia watu wote anaowajua na wengine asiowajua. Ukoo wetu, anasema, haujawahi kushinda kitu tangu uumbwe. Nikamfungua mkanda taratibu, ulikuwa umembana tumbo.

Alipoondoka, mke wangu akauliza, huku anakunja nguo: ulishinda?

Nikasema, majaji wamesema nimeshinda.

Akasema, sijawauliza majaji.

Akaendelea kukunja. Soksi zangu kazikunja vizuri kuliko siku zote, ndivyo anavyofanya akikasirika.

Jumatano, 2 Aprili

Sparing ya mwisho kabla ya kamati. Mpole kapunguza nguvu, nimeona, na bado nilikaa chini. Sikio linaimba. Mchana nimepaka gari ya mteja mlango mmoja kijani na mwingine kijani kingine. Nilikuwa naapa ni rangi moja. Mwenye gereji alidhani utani, kisha akaniangalia macho, kisha akanituma nyumbani.

Sijamwambia mke wangu. Kanitazama nikimimina maji nje ya glasi. Alichosema ni hiki: huyo Kreni asikuguse. Mengine nitayazoea, hata kuchekwa na watu, hata kuhama. Hilo silizoei.

Naogopa. Basi, nimeandika. Namwogopa Kreni kuliko nilivyowahi kuogopa kitu, na namwogopa Kocha zaidi, yule mzee asiye na nguvu hata ya kufungua chupa.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika kwenye benchi la korido. Wamesitisha kidogo.

Chumba kidogo, feni moja, meza ndefu. Mwenyekiti wa kamati ni mama mwenye miwani, sauti ya chini, hana haraka. Promota na mwanasheria wake upande wa dirisha. Mpole peke yake upande wa pili, shati limepigwa pasi hadi kwapani. Kocha nyuma yangu. Sikuhitaji kugeuka, nilikuwa nasikia anavyopumua. Nimemsikia hivyo kwenye kona maisha yangu yote.

Mwenyekiti akaniambia ninyanyue mkono wa kulia niape. Nikanyanyua. Mkono uleule. Safari hii hakuna aliyeushika, na ulikuwa mzito.

Niliyategemea maswali ya pointi. Nilikuwa nimejiandaa: ngumi ni macho, kila mtu na macho yake. Ningeweza kusema hivyo mpaka jioni na usiwe uongo sana. Hakuuliza. Alitoa ile picha ya gazeti, kubwa, akaiweka mbele yangu. Picha niliyopishana nayo mlangoni kwa mwenye gereji kila asubuhi!

Anasema: mlalamikaji ana glavu mikononi bado. Wewe huna. Matokeo yanasomwa, mshindi ni wewe, na glavu zimeshavuliwa. Kwa nini mwalimu wako alikuvua glavu mapema?

Kwa sauti ya kawaida, kama anauliza nimekuja na usafiri gani. Mpole akatazama sakafu. Nyuma yangu ile pumzi ikakatika.

Nilifungua mdomo. Mwanasheria wa Promota akasimama, anapinga, swali halihusiani na pointi za majaji. Mwenyekiti akasema haya, wajumbe wabaki tujadili, wengine mpishe nje.

Sasa tuko nje. Promota yuko kwenye simu, ananionyesha dole gumba. Mpole kakaa benchi hili hili, kaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Kaniuliza sikio linaendeleaje. Nikamwambia linaimba.

Kocha kasimama ukutani. Amekuja, akainama mbele yangu kama kwenye kona, magoti yanalia. Nilidhani sasa ataniomba. Akaushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akavikandakanda vidole kama anautafutia mfupa. Akasema, umekaza sana, mwanangu. Uulegeze. Hakusema zaidi. Amerudi ukutani. Sijui ameniambia nini. Nadhani ameniambia niseme kweli. Sijui.

Mlango umefunguka. Karani katoa kichwa, ananitazama mimi. Anasema turudi, swali limeruhusiwa —