Shali ya Yerutí na Kona ya Bibi

Ña Sinforiana mpendwa,

Naomba unisaidie, na naomba usilichape jina langu, ingawa najua hapa Itauguá ukishataja fremu ya kufumia na simu kwa pamoja watu watanyoosha kidole kwenye geti langu.

Mimi ni mfumaji wa ñandutí, lesi yetu hii, kama alivyokuwa mama yangu na mama yake, na miaka mitatu iliyopita nilianza kuweka video mtandaoni, mwanzoni ilikuwa mikono yangu tu na sindano, watu wakapenda, wakaongezeka, wakaanza kuagiza, na sikatai, simu ile imetulisha, hata majirani zangu wawili wanafuma kwa oda zinazopitia kwangu, lakini simu nayo ni mgeni uliyemkaribisha sebuleni, kesho yake ukamkuta amelala kitandani kwako, maana sasa chipa, mkate wetu wa jibini, ikitoka tanuruni haiguswi mpaka ipigwe picha, pembe ya tereré, chai yetu ya baridi tunayonywa kwa zamu, ikinifikia inakwama mkononi mwangu mpaka wenzangu wakohoe, na juzi mume wangu Wilfrido aliuliza mezani, "Hii mihogo tule, au bado haijawasalimia wafuasi?" Binti yetu alicheka. Mimi nilinuna.

Hata baraka, Ña Sinforiana. Unajua tulivyolelewa, ukiamka unaunganisha viganja mbele ya mama yako, unaomba baraka, ndipo siku inaanza, nami nina miaka arobaini na moja na bado naomba, ila siku hizi naomba kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili umeshika simu, na mama hunibariki hivyo hivyo.

Sasa nifike kwenye dhambi yenyewe. Binti yangu Yerutí anatimiza miaka kumi na tano baada ya wiki tatu, na kwetu hiyo ndiyo sherehe kubwa ya msichana. Shali yake ya siku hiyo ameifuma mwenyewe tangu mwaka jana, nyeupe, imejaa maua ya mpera, na nyumbani kwetu desturi ni kwamba msichana hufuma shali nzima isipokuwa kona moja, anayomwachia mkono mkongwe kuliko yote ndani ya nyumba. Yangu ina ua la bibi yangu mpaka leo. Sasa mama ana baridi yabisi, na mwezi huu wa Julai upepo wa kusini umemfunga vidole kabisa, kwa hiyo kila siku anasema, "Jua likirudi, mjukuu wangu, na mimi nitarudi," na Yerutí akangoja, akaifunika fremu kwa shuka, akaniambia, "Mama, usiiguse. Hiyo kona ni ya bibi."

Na mimi nilikuwa nimeshawatangazia watu kwamba Jumamosi saa tisa mchana nitaikata shali ya binti yangu kutoka kwenye fremu, mubashara. Niliamini mama atakuwa amemaliza. Ijumaa ikafika, vidole bado. Jumamosi asubuhi Yerutí alikwenda kwa shangazi yake kufanya mazoezi ya kucheza valsi, nami nikajisemea nitapaka wanga wa kuikaza lesi tu, nitawaonyesha wanga basi, wanga haudhuru. Nikapaka wanga wa muhogo, nikaianika, ikakauka. Saa tisa watazamaji walikuwa zaidi ya elfu mbili, wanaandika "Kata! Kata!", na wewe unajua wanavyopenda kukata, unageuza fremu, mkasi unapita nyuma, kitambaa kilichoshikilia nyuzi kinaanguka na lesi inabaki peke yake mkononi. Nilikata, Ña Sinforiana. Mtu mmoja akauliza, mbona kona moja iko tupu? Nikatabasamu, nikasema, "Huo ni mtindo mpya, wapenzi wangu."

Mama alikuwa amekaa jikoni. Mlango ulikuwa wazi.

Yerutí aliiona kwenye simu ya binamu yake. Aliporudi hakupiga kelele, na heri angepiga. Aliishika shali, akapitisha kidole penye ile kona, akauliza, "Bibi alisikia?" Akaikunja, akaiweka chini ya kitanda chake, na amesema atatokea kwenye sherehe yake na sweta. Mama yeye anasema tu, "Mwacheni mtoto. Mikono yangu ilikuwa imeshastaafu." Lakini tangu siku ile hatoki tena barazani kwenye fremu zetu, na alikuwa akikaa pale kila asubuhi, hata siku ambazo hawezi kushika sindano.

Na kibaya zaidi, video ile imependwa kuliko zote nilizowahi kuweka, na watu kumi na mmoja wameagiza shali yenye kona tupu. Wilfrido anasema simu itupwe kisimani. Je, nifunge ukurasa? Nimnunulie mtoto shali nyingine? Nifanye nini?

Mimi,
Mwenye Mkasi

*

Mwenye Mkasi, binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kukunyang'anya huo mkasi, mara ya pili nilitaka kukuchemshia chai. Kunywa chai kwanza. Mwanamke asiyeona aibu hakai kuniandikia kurasa tatu kwa kalamu, na yako imekwaruza karatasi mpaka imetoboka. Unawapenda watu wako. Hilo halina ubishi.

Sasa nikugombeze. Mtindo mpya! Mama yako amekufundisha kushika sindano kabla hujajua kufunga viatu, halafu nafasi yake unaiita mtindo mpya, mbele ya watu elfu mbili, na yeye yupo hatua nne kutoka hapo. Kukata ulikosea kwa haraka, na haraka inampata kila fundi. Lile neno ndilo lililomtoa mama yako barazani. Kuambiwa mikono imechoka amezoea, baridi yabisi inamwambia kila siku. Kuambiwa kwamba pengo lake ni pambo, hilo hajazoea.

Ukurasa usiufunge. Simu haikushika mkasi, na majirani zako wawili hawana kosa. Kisima cha Wilfrido kibaki na maji yake, ila mwambie swali lake la mihogo limenifurahisha na nimelisoma kwa sauti hapa ofisini. Wakati wa chakula simu ikae ndani ya sufuria yenye mfuniko. Usidhani nakusema wewe tu: binti yangu alinificha miwani mwezi mzima kwa sababu nilikuwa nasoma barua zenu huku supu inapoa. Video fanya baada ya usingizi wa mchana, siku mbili kwa wiki, na kazi ya Yerutí usiionyeshe tena mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo. Akisema hapana, ni hapana, usimzunguke kwa zawadi.

Wale kumi na mmoja waandikie leo hii. Waambie ukweli: kona ile ilikuwa ya mama yangu, nilikata kabla hajaifuma, na nikawadanganya. Usiweke muziki wa huzuni. Atakayetaka shali nzima, mfumie. Anayetaka pengo la mama yako, mwambie haliuzwi.

Shali nyingine usinunue. Fundi wa miaka yako anajua kwamba lesi iliyokatwa hurudi kwenye fremu. Tandika kitambaa kipya, ishone ile kona juu yake kwa mishono ya kushikiza, chora duara kwa penseli, na ua lifumwe likamate kingo za jirani zake. Shangazi yangu alirudisha hivyo kitambaa cha altare kilichotafunwa na mbuzi, na padri hakujua mpaka anakufa. Hili ulikuwa unalijua. Umekaa nalo siku zote hizi kwa sababu ili lifanyike inabidi umwombe mama yako, na kumwomba ndiko kunakokutisha.

Fremu mpelekee jikoni, karibu na jiko, vidole vipate joto. Yerutí amshikie fremu. Akiweza nyuzi tatu kwa siku, ni nyuzi tatu. Wiki tatu zina nyuzi nyingi. Na ua likitoka limepinda, nakuonya, usilinyooshe mama akigeuka. Liache lipinde. Miaka thelathini ijayo Yerutí atalitafuta hilo ua kwa kidole gizani, na atalijua kwa kupinda kwake.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo la kwanza kufanya. Umeniuliza kuhusu simu, ukaniuliza kuhusu ukurasa, ukaniuliza kuhusu shali. Nimepekua kurasa zote tatu natafuta mahali ulipoandika kwamba umemwomba mama yako radhi, na sijapaona. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na wewe baraka yenyewe umekuwa ukiichukua kwa mkono mmoja, kama mtu anayepokea chenji dukani.

Kesho asubuhi simu iingie kwenye sufuria kabla hujatoka chumbani. Nenda alipo mama yako. Unganisha viganja, vyote viwili, umwambie, "Mama, nilisema uongo juu ya kona yako, na ulinisikia. Nibariki." Halafu usiongeze neno. Kaa hapo na mikono yako imeunganishwa mpaka akujibu, hata kama maji ya chai yatakauka jikoni.

Ña Sinforiana