Mgonjwa Huulizwa Kwanza

Kiptere
Jumapili, tarehe tisa Machi

Shangazi,

Leo nitakuambia yote, hata yale yanayoniaibisha, na sitayapamba. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika hivyo. Ulikuwa ukirudi kutoka hospitalini na daftari lako, unaketi mezani na kuandika mazungumzo yako na mgonjwa neno kwa neno, hata pale ulipokosea, kwa sababu msimamizi wenu wa kozi alipenda kusoma makosa kuliko sifa. "Chelangat," uliniambia, "ukijiandika mzuri hutajifunza kitu." Basi sitajiandika mzuri.

Kwanza habari njema. Ulipita! Bahasha ya kaki ilifika wiki tatu baada ya kukuzika, na ndani mlikuwa na cheti chako: mhudumu wa kiroho na wa tiba ya nafsi, aliyeidhinishwa. Jina lako lote liko hapo bila kosa hata moja, na muhuri mwekundu chini yake. Baba alikisoma akiwa amesimama, akakirudisha kwenye bahasha, akakiweka juu ya kabati chini ya gunia tupu la mbolea. Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu nilikitoa nikakitundika sebuleni, kando ya kalenda ya kiwanda cha chai. Baba alikiona. Akapita, nami sikukiondoa. Miaka minne ulichuma chai asubuhi, ukashinda wodini mchana, na kila mwezi ukasafiri hadi Eldoret darasani. Cheti hicho hakikuja kulala chini ya gunia.

Kwenye mazishi walisema ulipenda kutembelea wagonjwa. Ni hivyo tu walivyosema. Kana kwamba ulikuwa ukienda kuwasalimia na kuwapelekea maziwa. Hakuna aliyetaja kozi, wala jopo la watu watano waliokuhoji ukiwa tayari umevimba miguu. Nilikaa kimya siku ile kwa sababu mtoto hasimami makaburini kusahihisha wazee. Sasa sikai kimya tena, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Niko kidato cha nne. Mwalimu wetu wa ushauri, Madam Kerubo, ametupa fomu ya kuandika kazi tunayotaka kusomea. Mzazi lazima atie sahihi, na fomu inarudishwa Ijumaa hii. Niliandika kazi yako. Madam aliisoma mara mbili, akaniuliza kama ninajua ni kazi ya kukaa na watu siku mbaya kuliko zote za maisha yao. Nikamwambia ninajua. Lakini Baba aliirudisha fomu mezani kama sahani yenye nywele. "Andika unesi," akasema. "Nesi hupewa kazi. Nesi hupewa nyumba. Wewe utapewa nini, shukrani?"

Nilikumbuka mazoezi yetu kwenye kochi, uliponilaza nijifanye mgonjwa. Mara moja nilijifanya mzee mkali wa kiwandani, nikakufokea, "Toka hapa na Biblia yako!" Nawe ukanijibu taratibu, "Sawa, mzee. Niiache Biblia mlangoni, au na mimi nibaki nayo huko?" Nilicheka mpaka nikaanguka chini. Ukaandika kwenye daftari: mgonjwa amecheka, ameanguka, anaendelea vizuri.

Na ninakumbuka habari ya yule mama mchuma chai kutoka Kisii, aliyefiwa na mtoto wa siku mbili. Unajua desturi yetu huku. Jumapili baada ya ibada, vikundi vya kanisa huingia wodini na sare na gitaa, vikaimba kitanda hadi kitanda, na kila mgonjwa akawekewa mkono kichwani. Hakuna anayeulizwa. Hata aliyelala huamshwa aombewe apate usingizi. Vikundi vitatu vilipita kwa yule mama, vyote vikamwambia Mungu huchuma maua mazuri kwanza. Wewe ulimwomba ruhusa ya kuketi. Kisha ukamuuliza, "Mtoto ulimwita nani?" Akataja jina, na ndipo akalia kwa mara ya kwanza. Uliponisimulia hukunitajia hilo jina. Ulisema la mgonjwa ni la mgonjwa.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Siku yako ya mwisho ilikuwa Jumapili. Ulikuwa umelazwa katika wodi ileile uliyokuwa ukihudumia, na manesi walikuwa wakikuita mwalimu. Kikundi chetu kilikuja, nami nilikuwa ndani yake nimevaa sare. Nilikuona umekonda hivyo, na hofu ikanishika, Shangazi. Nilikushika mkono nikaomba. Niliomba kwa sauti kuliko wote. Nilikuwa nimefundishwa na wewe mwenyewe, kwenye kochi letu, nami sikukuuliza kitu. Ulifungua mdomo mara mbili kutaka kusema jambo. Mara zote mbili tulikuwa katikati ya wimbo. Saa kumi ukafumba macho.

Sikuulizi ulitaka kusema nini. Nimekubali kwamba hilo sitalijua. Lakini nilipotoka pale nilijua sitaki kuwa tena mtu anayeimba juu ya mtu anayezungumza. Watu wanasema moyo mwema unatosha. Mimi nilikuwa na moyo mwema siku ile, na tazama nilichokifanya. Ndiyo maana ninataka kufundishwa. Ninataka msimamizi asome makosa yangu kwa kalamu nyekundu, mpaka hofu yangu ijue adabu.

Leo kanisani ilikuwa siku ya kuwaombea watahiniwa. Tulisimama mbele, kila mmoja aseme anataka kuwa nani. Kiprono alisema rubani, akapigiwa makofi. Sharon alisema daktari, makofi zaidi. Mimi nikasema, "Ninataka kupata cheti cha huduma ya kiroho na tiba ya nafsi, kama Shangazi yangu." Makofi hayakuja. Kisha Mama Kibet, mwenyekiti wa akina mama, akasema pale pale kwenye benchi, "Haiya! Kwani siku hizi maombi yana cheti?" Kanisa likacheka. Mchungaji akatabasamu, akanishika bega, akasema, "Binti yangu, Roho Mtakatifu hatoi vyeti."

Sikurudi kwenye benchi. Nilisema, "Ndiyo, Mchungaji. Lakini mgonjwa amelala, hawezi kutoka. Atajuaje kama nimetumwa na Roho au nimetumwa na umbea?"

Walicheka tena, ila mara hii hawakunicheka mimi. Mzee mmoja nyuma alisema "Kweli!" kwa sauti. Mama Kibet alitazama viatu vyake. Mchungaji alituombea wote, na alipofika kwangu alisita kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nikuombee nini?" Shangazi, aliniuliza! Sikutegemea. Nikamwambia aniombee sahihi ya Baba.

Tulipofika nyumbani Baba aliketi nje kunoa kisu cha kupogolea chai, ingawa leo ni Jumapili na hakuna kupogoa. Nilimpelekea kikombe cha chai. Nilitaka kumwambia mambo mengi, nilikuwa nimeyapanga kama mdahalo wa shule. Badala yake nikamuuliza, "Baba, nikae hapa, au niende?"

"Kwani kiti ni changu? Kaa kama unakaa."

Nikakaa. Sikusema kitu. Ni kazi ngumu kuliko hesabu, hukuniambia. Kisu kiliendelea kwenye jiwe, ng'ombe akalia, chai yake ikapoa. Kisha akakutaja kwa jina, bila kunitazama, "Rael alikuwa akiiga watu. Tukiwa wadogo aliweza kumwiga chifu mpaka chifu mwenyewe akakasirika." Akageuza kisu. "Alipoanza hiyo kozi, akitoka hospitalini alikuwa haingii nyumbani moja kwa moja. Alikuwa anakaa pale nyuma ya zizi, peke yake. Kila siku. Sikuwahi kumuuliza. Hiyo kazi ndiyo iliyommaliza dada yangu."

"Daktari alisema ni figo, Baba."

"Daktari aliona figo. Mimi nilimwona dada yangu."

Sijawahi kumwona Baba akifuta macho kwa mkono wenye mafuta ya kunolea. Alibaki na weusi shavuni. Kumbe hanikatazi kwa sababu ya nyumba ya nesi. Ananikataza kwa sababu yako. Alisema hatatia sahihi ili aje anichimbie kaburi kando ya lako. Kisha akaweka kisu chini, akasema, "Niambie jambo moja. Mtu huyaweka wapi maneno yote hayo ya watu wanaokufa? Ukinijibu, natia sahihi sasa hivi."

Nilifungua mdomo. Ningeweza kumjibu kwa maneno mazuri kutoka vitabu vyako, ninayajua mengine kwa moyo. Lakini angejua kwamba ninasoma tu. Nikasema, "Sijui, Baba." Akatikisa kichwa, akaingia ndani.

Kwa hiyo nimekuja kwako. Nimepekua daftari zako zote mchana huu. Umeandika ya wagonjwa, umeandika makosa yako, umeandika hata rangi ya mablanketi. Ya nyuma ya zizi hukuandika.

Sikiliza ahadi yangu. Sitamwombea mtu yeyote kitandani kabla ya kumuuliza, hata Mchungaji akiwa amesimama nyuma yangu na kwaya nzima. Nitasoma kozi hiyo mpaka mwisho, na nitakaa mbele ya jopo la watu watano bila kujipamba. Baba asipotia sahihi wiki hii, nitairudisha fomu Ijumaa ikiwa na jina langu peke yake, na Madam Kerubo aamue. Novemba ninatimiza miaka kumi na minane. Wakati huo nitatia sahihi mwenyewe, nami sitabadilisha neno. Lakini ningependa atie yeye. Ni kaka yako, na sitaki kwenda nikiwa nimemwacha na lile swali peke yake.

Kwaheri, Shangazi. Lala, na asikuamshe mtu kukuombea usingizi. Zimebaki siku tano tu, kwa hiyo Chelangat wako anakuomba usikawie na jibu: jioni zile nyuma ya zizi, kabla hujaingia ndani kutusalimia, ulikuwa ukifanya nini na huzuni za watu?